Eduardo Mondlane: Msomi wa Oberlin aliyewaita wanafunzi Nachingwea

Nje kidogo ya mji wa Nachingwea, mkoani Lindi, kuna eneo ambalo wenyeji wanaliita Farm 17. Jina hilo ni masalia ya mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi ulivunjika mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashamba yalibaki, na baadhi ya nyumba zikabaki.

Mwaka 1965 eneo hilo likapata wageni wapya. Walikuwa vijana wa Msumbiji waliovuka Mto Ruvuma kukimbia utawala wa Wareno, na walifika kujifunza kupigana. Wakulima wa Nachingwea na wa jirani zao Ruangwa waliishi kando ya kambi hiyo kwa miaka 10. Wengi wanamkumbuka Samora Machel, aliyeiongoza. Anayetajwa kwa nadra zaidi ni rais wa chama chenyewe, mtu aliyekuwa na shahada tatu za vyuo vya Marekani na kazi nzuri ya ualimu wa chuo kikuu, akaviacha vyote. Katika makala haya tunamwangalia Eduardo Chivambo Mondlane, na swali lililomsumbua hadi mwisho wa maisha yake: mtu aliyepelekwa kusoma ng'ambo anadaiwa nini na waliobaki nyumbani?

Mchunga mifugo wa Gaza

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwajahani, wilaya ya Manjacaze, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, na Eduardo alikuwa mmoja wa watoto wengi wa nyumba hiyo. Baba alifariki angali mdogo. Hadi alipofika umri wa miaka kama 12 kazi yake ilikuwa kuchunga mifugo pamoja na ndugu zake.

Mama yake ndiye aliyemhimiza aende shule. Alisoma kwa wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Uswisi, kwa sababu serikali ya Ureno haikuwa na haja ya kuwasomesha Waafrika zaidi ya madarasa machache. Kwa mtoto mweusi wa Msumbiji wa wakati huo, njia ya sekondari ilikuwa karibu imefungwa kabisa. Wamisionari wakamsaidia kuvuka mpaka na kuingia shule ya Lemana, kaskazini mwa Transvaal, Afrika Kusini. Baadaye alisomea ustawi wa jamii mjini Johannesburg, na mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Mwaka huohuo chama cha National kilishinda uchaguzi na kuanza kujenga sera ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1949 Mondlane, mgeni na mweusi katika chuo cha wazungu, alinyimwa ruhusa ya kuendelea kukaa nchini. Akarudi nyumbani, na huko polisi wa Kireno wakamhoji kuhusu siasa zake na marafiki zake.

Mwaka 1950 alipelekwa kusoma Lisbon. Katika mji mkuu huo wa mkoloni alikutana na vijana wengine kutoka makoloni ya Ureno, miongoni mwao Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Agostinho Neto wa Angola. Polisi waliwafuatilia. Mondlane hakuona kama angeweza kusoma kwa amani, akaomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani.

Kuingia Oberlin

Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 31, Mondlane aliwasili katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, kwa ufadhili wa mfuko wa Phelps Stokes. Umri wa wanafunzi wenzake wengi ulikuwa chini ya miaka 22.

Oberlin ni chuo kidogo, lakini kina historia. Kilianzishwa mwaka 1833, na kuanzia mwaka 1835 kilikuwa kikipokea wanafunzi weusi, miaka 30 kabla utumwa haujafutwa Marekani. Kilikuwa pia na desturi ya kupokea wageni kutoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika hapo kijana wa Kichina kutoka mkoa wa Shanxi, aliyejulikana Marekani kwa jina la H. H. Kung. Alipofika bandarini San Francisco mwaka 1901 alizuiliwa, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1882 iliyowafungia mlango Wachina, na ilimchukua zaidi ya mwaka kufika chuoni. Alihitimu mwaka 1906, akarudi kwao, akafungua shule, na baadaye akawa waziri wa fedha wa China. Wakomunisti walipochukua nchi mwaka 1949, upande wake ulikuwa umeshindwa, naye akaishia kuishi Marekani hadi kufa kwake mwaka 1967.

Tunamtaja Kung kwa sababu njia yake inaonyesha kwamba Mondlane hakuwa wa kwanza kubeba mzigo huu. Mwanafunzi wa kigeni katika chuo cha Marekani alikuwa na milango miwili mbele yake. Angeweza kubaki na kujenga maisha yake mwenyewe, au kurudi katika nchi ambayo haikumtuma asome ili afurahi peke yake. Waafrika kadhaa walikuwa wameshaupita mlango wa pili. Kwame Nkrumah alisoma Lincoln, Pennsylvania, na Hastings Banda alisomea udaktari Tennessee. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi waliotafutiwa ufadhili na Tom Mboya ingeondoka Nairobi na vijana 81.

Mondlane alihitimu Oberlin mwaka 1953, akiwa amesoma sosholojia na anthropolojia. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ambako Melville Herskovits alikuwa ameasisi programu mashuhuri ya masomo ya Afrika. Alipata shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu mwaka 1960. Utafiti wake ulihusu namna watu wanavyobadili misimamo yao kuhusu rangi kutokana na kundi wanalojihesabu kuwa ni lao.

Ndoa na kazi New York

Katika mwaka wake wa kwanza Marekani, Mondlane alialikwa kuzungumza kuhusu mustakabali wa Afrika katika kambi ya vijana wa kanisa huko Wisconsin. Mmoja wa wasikilizaji alikuwa msichana wa miaka 17, Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe. Walioana mwaka 1956. Wakati huo majimbo mengi ya Marekani bado yalikataza ndoa za watu wa rangi tofauti, na katazo hilo liliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 1967 tu. Ndoa yao ilipingwa Marekani kwa sababu ya rangi. Miaka baadaye, Dar es Salaam, ilitumiwa tena dhidi yake, safari hii na Waafrika wenzake waliodai kwamba mume wa Mmarekani hawezi kuongoza mapinduzi.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa mjini New York, katika idara iliyoshughulikia nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo, na Julius Nyerere alikuwa akifika huko kudai uhuru wake. Wawili hao walifahamiana, na urafiki huo ndio uliomfungulia Mondlane mlango wa Dar es Salaam.

Mwaka 1961 alifika Msumbiji pamoja na Janet, akilindwa na hati ya kusafiria ya Umoja wa Mataifa. Alipokelewa na watu wengi kupita alivyotarajia. Kwa Wamsumbiji, kumwona mtu wao akiwa na shahada ya uzamivu kulikuwa kama kuona kitu walichoambiwa hakiwezekani. Wareno nao walimwona. Walijaribu kumvuta upande wao kwa kumpa nafasi katika utawala wa koloni, akakataa. Aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa iliyomzuia kufanya siasa, akaenda kufundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York.

Kuja Tanganyika

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walikuwa wamewafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, katika nchi ya Wamakonde, si mbali na Ruvuma. Wakimbizi walizidi kumiminika kusini mwa Tanganyika. Vyama vitatu vya Wamsumbiji vilikuwa vimezaliwa uhamishoni, kila kimoja na watu wa eneo lake. Tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo viliungana Dar es Salaam na kuwa FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa rais. Aliwapita wanasiasa waliokaa muda mrefu zaidi katika harakati kwa sababu hakuwa wa chama chochote kati ya vile vitatu.

Mwaka 1963 aliiacha Syracuse moja kwa moja, akahamia Dar es Salaam na familia yake. Mwaka huohuo yeye na Janet walianzisha Taasisi ya Msumbiji, shule ya sekondari ya vijana wakimbizi huko Kurasini, ikiongozwa na Janet. Fedha za mwanzo zilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani. Ureno ilipolalamika, msaada huo ulikoma, na nafasi yake ikachukuliwa na wafadhili wengine, hasa wa nchi za Skandinavia.

Mondlane aliamini mambo mawili kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu wake ulipoanzia. Aliamini kwamba bila watu waliosoma, Msumbiji huru ingebaki jina tu. Aliamini pia kwamba Ureno, tofauti na Uingereza, haingeondoka kwa maombi. Kwa hiyo alitafuta ufadhili wa masomo na silaha kwa wakati mmoja. Alizunguka Marekani na Ulaya kuomba msaada, na mwaka 1963 alikwenda China pia. Kikundi cha kwanza cha wapiganaji kilifunzwa Algeria. Tarehe 25 Septemba 1964, shambulio la Chai, mkoa wa Cabo Delgado, likafungua vita.

Kambi ya Nachingwea

Kambi za mwanzo nchini zilikuwa Bagamoyo na Kongwa, kisha ikaja Nachingwea. Mahali hapo palifaa. Palikuwa na ardhi iliyokwisha kufyekwa, umbali wa kutosha kutoka mpakani, na njia ya kushuka kupitia Masasi hadi Ruvuma. Samora Machel, muuguzi kutoka Gaza aliyejiunga mwaka 1963, aliigeuza kuwa zaidi ya uwanja wa kijeshi. Mmakonde wa kaskazini aliwekwa pamoja na Mtsonga wa kusini. Asiyejua kusoma alifundishwa, na kila mtu alilima, awe anatoka darasani au shambani.

Wakufunzi wa Kichina nao walifika Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 idadi yao ilikuwa kubwa. Hawa walitumwa na serikali iliyowaondoa watu wa kizazi cha Kung. Wakati wao wakifundisha vita vya msituni, rais wa wanafunzi wao alikuwa mhitimu wa chuo alichosoma Kung, na bado alikuwa akiwaandikia marafiki zake wa Ohio na New York kuomba vitabu, dawa na fedha. Mashariki ilimshuku kwa Umarekani wake. Marekani, mshirika wa Ureno katika NATO, haikumpa silaha. Alipokea msaada popote ulipotoka, akajitahidi kuzuia chama kisimezwe na upande wowote.

Ugomvi na wanafunzi

Kufikia mwaka 1966 vita vilihitaji watu waliojua kusoma ramani, kutibu majeruhi na kuendesha shule katika maeneo yaliyokombolewa. Uongozi wa FRELIMO ukaamua kwamba wanafunzi wa sekondari na wa vyuo wakatize masomo kwa muda na kwenda kutumikia. Kwa wengi, kutumikia kulianzia Nachingwea.

Vijana wengi wa Kurasini walikuwa wamevuka mpaka wakiwa na ndoto ya chuo kikuu. Walijua rais wao alisoma Marekani. Baadhi ya wenzao walikuwa tayari huko. Mwaka 1967 Mondlane aliwatolea wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa Marekani waraka mrefu, akiwakumbusha kwamba walipelekwa na harakati na kwamba masomo yao hayakuwa mali yao binafsi. Umoja wao ulimjibu mwaka 1968 kwa ukali. Walidai kwamba uongozi uliwaogopa wasomi na ulitaka kuwamaliza kwa kuwapeleka vitani, na kwamba watu wa kusini walijipendelea.

Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi. Padri Mateus Gwenjere, aliyekuwa na ushawishi kwa vijana, aliwaunga mkono waliokataa kwenda jeshini. Machi 1968 ghasia zilizuka katika Taasisi, na shule ikafungwa. Mwezi Mei ofisi ya chama jijini ilivamiwa na mwanachama mmoja akauawa. Kaskazini, Lázaro Kavandame, kiongozi wa Wamakonde katika chama, naye alikuwa amemgeuka Mondlane.

Hatuwezi kusema kwamba wanafunzi hao wote walikuwa waoga au wabinafsi. Hoja yao ilikuwa na uzito: aliyewataka waache masomo alikuwa amemaliza yake yote, na akiwa na miaka 40 na zaidi hakuna aliyemtaka ashike bunduki. Lakini hoja ya Mondlane nayo ilikuwa na uzito. Mtoto wa mkulima wa Cabo Delgado hakuwa na ufadhili wa kukataa. Kama vita vingepiganwa na wasiosoma peke yao, na waliosoma wakarudi baada ya ushindi kuchukua ofisi, nchi ingekuwa imebadili rangi ya mabwana tu.

Wapo waliojibu wito kwa hiari. Josina Muthemba alipewa nafasi ya kusoma Uswisi, akaikataa. Alifunzwa Nachingwea mwaka 1967 pamoja na wasichana wa kikosi cha kwanza cha wanawake, akafanya kazi ya kuhudumia yatima na familia katika maeneo ya vita, akaolewa na Samora, na kufariki Dar es Salaam kwa maradhi tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25.

Kifurushi cha kitabu

Julai 1968 FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili Matchedje, ndani ya Msumbiji, katika mkoa wa Niassa. Mondlane alichaguliwa tena. Alikuwa ameshinda kura, lakini maadui zake walikuwa wengi.

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969 alichukua barua zake na kwenda nazo kwenye nyumba ya rafiki wa familia karibu na bahari, Dar es Salaam, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Ndani ya barua hizo kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likalipuka na kumuua papo hapo. Alikuwa na miaka 48.

Wengi waliochunguza mauaji hayo wanaielekezea lawama PIDE, polisi wa siri wa Ureno, na kuna wanaoamini kwamba bomu lisingemfikia bila msaada wa mtu wa ndani ya chama. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Kavandame alijisalimisha kwa Wareno mwaka huohuo.

Mazishi yalifanyika Kinondoni, na Nyerere alihudhuria. Mchungaji Edward Hawley, rafiki yake tangu siku za Oberlin ambaye alikuwa akiwahudumia wakimbizi Dar es Salaam, alizungumza kwenye mazishi hayo. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kilitoka mwaka huo wa kifo chake. Janet hakurudi Marekani. Aliendelea na kazi ya Taasisi hadi uhuru.

Kilichobaki

Samora Machel alichukua uongozi mwaka 1970. Mei 1975 aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kupita nchi nzima hadi mji mkuu, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru, miaka 13 kamili tangu FRELIMO ianzishwe. Siku chache kabla ya safari hiyo, wapinzani wa zamani, akiwamo aliyekuwa makamu wa Mondlane, Uria Simango, walisimamishwa mbele ya umati hapohapo Nachingwea wakakiri makosa kwa kulazimishwa. Padri Gwenjere naye alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Baadaye waliuawa bila kesi ya haki. Ugomvi ulioanzia katika madarasa ya Kurasini uliishia hivyo, na hatuna budi kuukumbuka pamoja na ushindi.

Leo tarehe 3 Februari ni Siku ya Mashujaa Msumbiji, na tangu mwaka 1976 chuo kikuu kikubwa cha nchi hiyo kinaitwa Eduardo Mondlane. Ndani yake wanasoma vijana ambao zamani wangeishia darasa la tatu la misheni.

Huku kwetu, mashamba ya Nachingwea na Ruangwa yana korosho na ufuta. Vijana wa wilaya hizo wanaondoka kwenda vyuo vya Dodoma na Dar es Salaam, na wengine wanapata ufadhili wa kusoma China, nchi iliyoleta wakufunzi wake Farm 17. Hakuna vita vinavyowasubiri. Lakini kila mzazi aliyeuza korosho amlipie mtoto nauli na ada analijua lile swali la Mondlane. Yeye alilijibu kwa kuondoka Syracuse. Wanafunzi aliogombana nao walilijibu kwa namna nyingine, na wengine wao walibaki ng'ambo maisha yao yote. Nachingwea ilikuwa katikati ya majibu hayo mawili, na ndiyo maana historia yake haiishii kwenye bunduki.